Shajara ya mradi: sindano inapohama mkononi mwa mama (Kisumu, 2025)

Machi, kabla ya kuanza

Andiko la mradi linataka vijana balehe wenye kisukari aina ya kwanza, ambao mwili wao hautengenezi insulini, wajipime sukari wenyewe, wajidunge insulini wenyewe na waamue wenyewe. Ukipitia orodha ya wanaokuja kliniki ya Jumamosi, utaona wengi tayari wanajidunga. Kuna msichana wa Ahero aliyeshika sindano tangu darasa la tatu, kwa sababu mama yake anauza omena (dagaa) soko la Kibuye na hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Kipimo chake cha miezi mitatu, HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda huo, kimepita asilimia 12, na lengo ni kuwa chini ya 7. Kuna pia mvulana wa Nyalenda, mkubwa kuliko yeye, ambaye mpaka leo mama ndiye anayemvutia dawa. Wenzake humcheka, lakini kipimo chake ni 8 na ushei.

Watoto wawili si takwimu. Ila wanakubaliana na jambo ambalo wataalamu wa kisukari cha watoto wamelisema miaka mingi: kijana anayebebeshwa kazi yote mapema huzorota, na anayebaki na mtu mzima karibu naye huenda vizuri hata kama wanagombana kila asubuhi. Balehe nayo haisaidii. Homoni za ukuaji huifanya insulini ile ile ifanye kazi kidogo kuliko mwaka jana, kwa hiyo sukari hupanda hata kwa kijana ambaye hajaruka dozi wala hajaiba mandazi. Mzazi asiyelijua hilo huona ukaidi tu, na ugomvi huanzia hapo.

Kwa hiyo hatuanzi na mtaala. Tumechapisha karatasi moja yenye safu tatu: Mzazi, Pamoja, Mimi. Kazi zote zimeorodheshwa upande: kupima, kuvuta dawa, kudunga, kubadilisha sehemu ya kudunga, kukumbuka siku chupa ilipofunguliwa, kwenda kuchukua dawa, kuamua dozi siku ya ugonjwa, kumwambia mwalimu. Kila familia inaweka alama kwa penseli. Kalamu ya wino tumeikataza, maana kazi inaweza kurudi safu ya nyuma na isiwe aibu.

Aprili, likizo

Siku ya kwanza hatukufundisha kitu. Kila mmoja aliombwa afanye kama anavyofanya nyumbani, kwa chupa yenye maji safi na chungwa la kudunga, sisi tukitazama. Inachosha kutazama bila kusema, hasa kwa wauguzi.

Wengi waliitikisa chupa kwa nguvu. Insulini ya maziwa, ile nyeupe, inataka kuviringishwa taratibu kati ya viganja mpaka weupe uwe sawa juu na chini. Ukiitikisa inajaa povu, na povu likiingia kwenye bomba dozi inapungua. Wachache walisahau kuingiza hewa chupani kabla ya kuvuta, kisha wakashangaa dawa inakataa kutoka. Kwa wanaochanganya aina mbili, nusu walianza na ya maziwa. Hiyo tuliisahihisha papo hapo: ya maji, ile angavu inayofanya kazi haraka, huvutwa kwanza, maana tone la ile nyeupe likiingia kwenye chupa yake, chupa nzima imeharibika.

Mapaja ndiyo yaliyotushtua. Kijana mmoja amekuwa akidunga pahali pamoja kwa sababu pamekufa ganzi na hapaumi tena. Pamefanya uvimbe laini, mkubwa kuliko yai, na insulini inayoingia humo huchelewa, au hutoka kwa mkupuo wakati asioutarajia. Tumekubaliana naye na daktari kwamba akihamia ngozi safi dozi ipunguzwe kwanza, kwani kiasi kile kile kikifyonzwa chote kinaweza kushusha sukari mpaka aanguke. Tumemchorea ramani ya tumbo na mapaja, kila juma robo yake. Aliomba achore mwenyewe, na akaichora vizuri kuliko sisi.

Uhifadhi ulikula alasiri nzima. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 40 kwa siku ataimaliza kwa siku 25. Anayetumia 20 ingemfikisha siku 50, lakini chupa ikishafunguliwa kwa kawaida hutakiwa itumike ndani ya wiki nne, kwa hiyo mwenye dozi ndogo atatupa karibu nusu. Mwambie hivyo mama aliyepanda matatu mbili kuifuata dawa hiyo! Hakuna aliyebisha, ila nyuso zilisema. Tumewapa vibandiko vya kuandika tarehe ya kufungua, na kazi hiyo imewekwa safu ya Mimi karibu kwa wote, maana haidhuru mtu ikisahaulika siku moja.

Familia nyingi hazina friji. Wengine huhifadhi kwenye friji ya soda ya dukani, na duka likifungwa mapema dawa ya usiku imefungiwa ndani. Mchana wa Kisumu hufika nyuzi 30. Tumetengeneza pamoja chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye unyevu, na kukiweka kivulini penye upepo. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinabaki kwenye friji ya kliniki, kati ya nyuzi 2 na 8. Niliwaeleza pia utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa 2021: insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama la nyumba za kambi ya Dagahaley kule Dadaab, ilibaki na nguvu karibu sawa na ya friji. Niliwaeleza kwa sababu wengine walikuwa wakitupa chupa kisa stima imepotea usiku mmoja. Kuiacha kwenye dashibodi ya matatu ni habari nyingine. Na iliyoganda kwa barafu haina dawa tena, hata ikiyeyuka.

Kabla ya kuondoka tuliwasimulia kwamba mtu wa kwanza duniani kutibiwa kwa insulini, Januari 1922 huko Toronto, alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, mwenye uzito wa kilo kama 29. Swali la kwanza kutoka nyuma: "Alijidunga mwenyewe?"

Mei na Juni

Madaftari ya vipimo yamerudi yakiwa mazuri mno. 6.2, 7.1, 5.9, 6.8 (milimoli za sukari kwa lita ya damu), wino mmoja na mwandiko mmoja, hata kwa siku ambazo mwenye daftari alikuwa amelazwa wodini.

Mashine ya kupimia ina kumbukumbu yake. Tuliomba ruhusa ya kuifungua. Waliogoma tukawaacha, waliokubali tukaketi nao mmoja mmoja bila mzazi. Mvulana wa Muhoroni ana 18 na 19 nyingi za jioni. Njia yake ya kutoka shule inapita kwenye mashamba ya miwa, na glasi moja ya maji ya miwa huweza kupita gramu 30 za sukari. Alijua fika. Akasema: "Nikiandika 19, baba anauliza nimekula nini. Nikiandika 7 anasema asante Mungu, na mimi naenda kucheza."

Sioni uongo hapo zaidi ya ninavyoona hesabu nzuri. Namba ya kweli inamletea hukumu na ya kubuni inamletea mpira. Kwa hiyo juma lililofuata darasa lilikuwa la wazazi. Waliigiza: mmoja ni kijana, anasoma 17 kwa sauti, mwingine ajibu bila kuuliza "umekula nini?" Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuvuta dawa. Nyanya mmoja akachoka, akaniuliza, "Sasa sista, nikimwona na ishirini ninyamaze tu?" Hapana nyanya, usinyamaze. Uliza: sasa tufanye nini? Akajaribu, akasema swali hilo linakaa vizuri kinywani.

Swali la umekula nini lina nafasi yake, lakini kesho yake, namba ikishashuka.

Jambo lingine limetoka kwenye mazungumzo hayo ya faragha, nami nilikuwa nikilisubiri. Msichana wa kidato anaruka dozi ya jioni kwa makusudi: "Sista, nikidunga nanenepa." Ni kweli kwamba mwili unaopata insulini hurudisha uzito. Ule wembamba unaokuja bila insulini ni mwili unaoyeyusha mafuta na misuli yake ukitoa ketoni, na ketoni zikijaa damu inakuwa na asidi. Hilo tulimweleza, akasikiliza kwa adabu, na sidhani maelezo ndiyo yaliyosaidia. Kilichosaidia ni karatasi. Kudunga jioni kumerudi safu ya Pamoja, na aliyemchagua kukaa naye ni dada yake mkubwa. Mama alinung'unika kidogo, kisha akakubali. Tumemwunganisha pia na mshauri nasaha.

Julai

Msichana wa Ahero alilazwa. Alianza kwa homa na kutapika. Kituo cha afya kilimpima malaria, akakutwa nayo, akapewa dawa sahihi. Hakuna aliyempima sukari. Kwa kuwa hakuwa akila, nyumbani waliona busara kuacha insulini. Siku ya pili alikuwa akipumua kwa kina na haraka, tumbo likimuuma, pumzi ikinuka matunda yaliyoiva. Alifikishwa hospitali kwa tuktuk, akatibiwa, karudi nyumbani.

Huku kando ya ziwa malaria ipo mwaka mzima, na kila homa inaitwa malaria mpaka ikatae. Mara nyingi ni kweli. Ugonjwa wenyewe ndio unaopandisha sukari, hata tumbo likiwa tupu, kwa hiyo siku ya homa ndiyo siku ambayo insulini haiachwi. Dozi huenda ikabadilishwa, haifutwi. Apime kila baada ya saa tatu au nne, usiku pia, anywe maji kidogo kidogo mara nyingi, akague ketoni kwenye mkojo. Akitapika mara kwa mara, tumbo likimuuma, pumzi ikibadilika au akianza kusinzia, safari ni ya hospitali, si ya duka la dawa.

Tumefanya mazoezi ya sentensi moja tu: "Nina kisukari, naomba mnipime sukari kabla ya chochote." Ni sentensi fupi, lakini kwa mtoto wa miaka 14, mgonjwa, mbele ya mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni, haitoki. Tulicheza mhudumu mkali, mhudumu mwenye haraka, mhudumu anayesema "wewe ni mdogo, kisukari ni cha wazee". Wengine walilia kwa kucheka. Na kwenye karatasi, dozi ya siku ya ugonjwa imerudishwa safu ya Mzazi kwa kila mmoja, hata kwa yule wa miaka 17 anayejua kila kitu. Alibisha sana. Nikamwambia daktari akiugua huhudumiwa na daktari mwingine.

Kikao cha wazazi mwezi huu kilienda mbali kuliko tulivyopanga. Baba mmoja alisimulia jinsi kijana wake alivyokonda, wazee wakasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, majirani wakanong'ona ukimwi, na muda wote huo sisimizi walikuwa wakikusanyika pale anapokojoa, wakifuata sukari iliyo kwenye mkojo. Karibu kila mzazi alikuwa na kisa chake cha sisimizi.

Agosti, jikoni

Likizo hii tulihamia jikoni, na kama mradi ungeniruhusu kubakiza kipindi kimoja tu ningebakiza hiki. Karatasi za lishe tulizonazo zinataja vipande vya mkate na bakuli za nafaka za sanduku. Hapa watu wanakula ugali, nyoyo (mahindi na maharagwe), viazi vitamu, uji, chapati za Jumapili.

Unga mkavu wa mahindi una wanga kama gramu 75 katika kila gramu 100. Tulipima nusu kilo ya unga, yaani wanga gramu 375, tukasonga. Ugali ulipoiva tukaupima wote: kilo moja na nusu. Gawanya, na kila gramu 100 za ugali ule zina wanga kama gramu 25. Kisha kila mmoja akakata kipande chake cha kawaida, akakiweka kwenye mizani. Mvulana wa Nyalenda alikata gramu 600. Ukumbi mzima uliguna. Hiyo ni wanga gramu 150 kwa mlo mmoja, na omena na sukuma wiki pembeni haziongezi kitu cha kutisha. Hakuna aliyemwambia apunguze. Yuko kwenye umri wa kurefuka. Aliambiwa ajue. Nyumbani hakuna mizani, kwa hiyo alipima kipande chake kwa ngumi, akahesabu ngumi zake. Anayesonga ugali mgumu zaidi atapata namba nyingine, basi arudie hesabu kwa sufuria ya kwao.

Hesabu hii inawafaa moja kwa moja wanaodunga insulini ya haraka kwa kila mlo. Wanaotumia ya mchanganyiko, 70/30 (asilimia 70 ya maziwa na 30 ya maji), mara mbili kwa siku, na ndio wengi, hawawezi kupandisha na kushusha kwa kila sahani. Kwao saa ndiyo mwalimu. Sindano ya saa kumi na mbili asubuhi ina nguvu katikati ya asubuhi, kisha nguvu nyingine ya adhuhuri, chakula kiwe kimefika au hakijafika. Shule ikichelewesha chakula cha saa saba, kijana anatoka jasho darasani, mikono inatetemeka, hasikii anachoulizwa, na mwalimu anaandika "hana makini". Tulipouliza, karibu kila anayedunga mchanganyiko ana kisa kama hicho. Chai ya saa nne pamoja na kitu cha kutafuna ni sehemu ya dawa yao.

Sukari ikishuka chini ya 4: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, rudia ikiwa bado iko chini, kisha kula chakula. Muwa haufai hapa kwa sababu huwezi kujua umepata sukari kiasi gani kabla ya taya kuchoka. Wachezaji mpira wapime kabla ya kuingia uwanjani. Chini ya 5 wale kwanza. Na usiku baada ya mechi ndio wa kuogopa, maana misuli inaendelea kuvuta sukari mtu akiwa amelala.

Septemba

Stripu, vile vijiti vya kupimia sukari, zimepungua. Wenye tatu kwa siku wamebaki na moja. Tumewafundisha kuizungusha: leo kabla ya kifungua kinywa, kesho kabla ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya kulala, ili baada ya juma picha ionekane. Siku ya homa au ya dalili za kushuka, mgao huo unavunjwa.

Oktoba na Novemba

Kundi la Gredi ya 9 linafanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, na linatarajiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, wengi wao bweni. Karatasi ya safu tatu imepata tatizo, maana Mzazi hatakuwepo. Mama wa Nyalenda alitaka mwanawe asiende bweni kabisa. Mjadala ukawa mrefu, na aliyeumaliza ni baba mmoja, mvuvi wa Dunga: "Mimi nikimpa kijana kasia, siruki majini. Nakaa nyuma." Tumebadilisha kichwa cha safu kuwa Mtu mzima, na kila kijana anapaswa kutaja wawili shuleni, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku.

Tuliongea na waliokwisha kuishi bweni. Katika shule moja, siku ya kufungua, sanduku lilipekuliwa na glukosi ya kupandisha sukari iliyoshuka ikachukuliwa pamoja na biskuti za wengine. Sheria ni sheria. Katika nyingine insulini ilifungiwa ofisini na mwenye ufunguo alikwenda harusini. Kijana mwingine alijidunga chooni kwa muhula mzima ili asiitwe mvuta unga.

Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, siku ya kuzaliwa Frederick Banting, kulikuwa na matembezi. Vijana walipiga kura wasiende. Hawataki fulana yenye neno kisukari mgongoni kupita Kondele. Walitaka saa hizo waandike barua ya shule, na wameiandika wao. Sisi tulirekebisha tahajia tu. Inaomba glukosi ibaki mfukoni, si sandukuni. Inaomba ruhusa ya kupima na kula darasani bila kunyoosha mkono. Chupa ya akiba iwe kwa matroni, chupa inayotumika iwe kwa mwenyewe. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki na zirudishwe kliniki, zisitupwe chooni wala jalalani. Kitanda kiwe karibu na rafiki anayejua dalili. Akipoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, alazwe ubavu, gari litafutwe hapo hapo. Mstari wa mwisho wameuongeza wenyewe: matroni asimuulize kijana mbele ya wenzake kama amedunga.

Vipimo vya miezi mitatu vimerudi. Msichana wa Ahero ameshuka hadi asilimia 10.4, mama yake sasa anampigia simu kutoka sokoni saa kumi na mbili na wanadunga wakiwa kwenye laini. Mvulana wa Nyalenda ni 8.3, anavuta dawa mwenyewe, mama akitazama alama kwenye bomba. Yule wa Muhoroni amepanda kidogo, lakini daftari lake na kumbukumbu ya mashine sasa vinafanana, na kwangu hilo ni la maana kuliko nukta ya asilimia. Kumepatikana pia waliokaa pale pale.

Yaliyobaki kabla ya Januari: kupata ahadi ya stripu za muhula mzima, kuwapa matroni somo la saa mbili kila shule itakayokubali, na kumalizia barua. Jina la shule limeachwa wazi kwenye kila moja mpaka nafasi za Gredi ya 10 zitangazwe.